Hema Lililoibwa Likiwa Limelowa

Jumapili tarehe 2 Aprili, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Wilmar Techera alifungua mlango wa ukumbi unaotazama uani, themosi ya maji moto kwapani na kibuyu cha kunywea yerba, chai chungu ya majani, mkononi, akabaki amesimama kizingitini. Wilmar alikuwa mtunzaji wa Klabu ya Farolito, klabu ya wapiga kambi, katika mtaa wa Reducto, Montevideo. Alifagia, alifungua, alifunga, na alilala katika chumba kidogo kilichokuwa upande wa barabara. Jana yake jioni aliliacha hema la turubai limesimama katikati ya nyasi, hema la watu kumi na wawili. Sasa zilikuwapo nguzo zake tu, zimelazwa sambamba. Vigingi vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti, na kati ya nyasi zilizolowa ulionekana mstatili wa nyasi kavu zilizopauka.

Hakugusa kitu. Alimpigia simu mwenyekiti wa klabu, Raquel Bonino, naye Raquel akampigia Nibia Olaizola.

Nibia alifika saa mbili na dakika tano. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia katika upelelezi wa polisi. Kustaafu hakukumpunguzia tabia hata moja: bado alitembea na daftari, na bado aliandika saa kabla ya kuandika neno. Zaidi ya hayo, hema lile alilinunua yeye.

Alilinunua Jumapili iliyotangulia, katika gulio la Tristán Narvaja, kwa mwanamke mnene aitwaye Ofelia aliyeuza vyuma, taa na masanduku ya zamani. Nibia hakuwa mtu wa kununua kwa macho. Mama yake alishona vivuli vya maduka kwa turubai maisha yake yote, na binti alijifunza tangu utotoni kwamba turubai haliaminiwi mpaka linuswe, livutwe na litazamwe dhidi ya jua.

"Mama, unalinusa kama mbwa wa forodhani," Ofelia alimwambia. "Unatafuta bangi?"

"Natafuta ukungu."

"Ukungu! Hema langu hili? Limelala ndani ya poda kama mtoto mchanga."

Ilikuwa kweli. Nibia alivuta mishono yote, akahesabu matundu ya shaba, akahesabu vigingi.

"Thelathini na kimoja. Kimoja kiko wapi?"

"Kimekwenda kuoa. Kitarudi na watoto."

Upande wa ndani wa dari aliona michoro hafifu ya kijivu, kama mikwaruzo ya penseli, mingi mno. Aliuliza. "Watoto," Ofelia alisema. "Kila hema lina watoto wake." Wakashuka kutoka pesos elfu sita hadi elfu nne na mia tano, wakapeana mikono. Hapo ndipo mtu mwembamba mwenye ndevu, Tito Armendáriz, alipoingiza kichwa kati yao na kutaja elfu saba.

"Umechelewa, Tito. Nimeshampa mama huyu mkono," Ofelia alijibu. "Mimi nauza vitu vikuukuu, lakini neno langu siliuzi."

Tito alimwachia Nibia namba yake ya simu. "Mkilichoka, mama, nipigie. Hata usiku wa manane." Nibia na Wilmar walilibeba turubai hadi kwenye gari, huyu ameshika huku na yule kule, wakapumzika mara mbili njiani. Lilikuwa kavu, na lilikaribia kilo arobaini.

Wiki nzima klabu ilichemka. Wiki ya Utalii, yaani likizo ya Pasaka, ilikuwa inakuja. Jumamosi tarehe 8 watu kumi na wawili wangepanda basi kwenda pwani ya Rocha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wangelala ndani ya hema la klabu badala ya kuazima. Watu waligombania kona za kulala kana kwamba ni viwanja. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakushangilia, naye alikuwa Heber Quintana, mkuu wa kambi kwa miaka thelathini. "Turubai ni ng'ombe," alisema. "Ukimnunua, wewe ndiye unayemtumikia. Mngenunua nailoni." Walimcheka kwa heshima. Heber alikuwa na miaka sitini na sita, na ukutani mwa ukumbi palikuwa na kibao cha shaba chenye jina lake: mwaka 1983, katika kambi ya Rocha, aliwaokoa watoto wawili waliochukuliwa na mkondo wa mto. Mmoja wa watoto hao alikuwa Raquel mwenyewe, wakati huo akiwa na miaka minne.

Jumamosi jioni walilisimamisha uani ili kulilowesha, maana turubai lililokaa kavu kwa muda mrefu huvuja mpaka nyuzi zake zinywe maji na kufumba. Saa kumi na moja Wilmar alianza kulimwagia maji kwa mpira. Baada ya dakika kumi, dari lilianza kutoa madoa ya zambarau.

"Mvinyo!" Wilmar alicheka. "Hawa watu walikunywa mpaka darini!"

Heber alikuwa ndani ya hema. Alitoka haraka. "Funga maji. Inatosha."

Nibia alijua kwamba haikutosha. Hata hivyo Heber ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi, naye Nibia alilelewa kuheshimu vyeo. Akamwacha Wilmar afunge maji. Saa mbili usiku ilianza mvua, ikanyesha mpaka saa kumi na moja alfajiri, ikamaliza kazi ambayo mpira haukuimaliza.

Sasa alichuchumaa kando ya mstatili wa nyasi kavu, akaandika: *Limeondolewa baada ya mvua kwisha, yaani baada ya saa kumi na moja. Kabla ya saa 1:40.* Kutoka kwenye mstatili hadi lango la nyuma, nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja. Alizipima kwa macho, akaziandika pia. Lango halikuvunjwa. Funguo zake zilikuwa kwa watu watano, na Wilmar alikuwa mmoja wao.

Raquel alikuwa amesimama ukumbini amekunja mikono kifuani. "Nibia, niseme wazi. Kamati imeshanipigia simu. Wanataka kikao leo saa kumi na mbili jioni. Ikiwa hema halijapatikana, Wilmar anaondolewa kazini na chumbani, na jina lake linakwenda polisi."

"Kwa ushahidi gani?"

"Unajua kwamba alifungwa."

"Miaka kumi na miwili iliyopita, kwa redio ya gari. Nilimkamata mimi. Nauliza ushahidi wa leo."

"Upo," alisema Raquel kwa huzuni. "Heber alimwona."

Nibia alimhoji Heber saa tatu kasoro robo, kwenye meza ya ukumbi, chini ya kibao cha shaba. Heber alikaa wima. Alikuwa amenyoa vizuri.

"Eleza taratibu, mzee, nami niandike."

"Saa moja na robo nilitoka kwenda kununua mikate. Nilipofika kichochoro cha nyuma, nikamwona Wilmar anatoka langoni na hema."

"Amelibebaje?"

"Begani. Amelikunja, ameliweka begani hivi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Alikuwa kama anavyokuwa siku zote, themosi kwapani, kibuyu mkononi. Akanisalimu kwa kichwa. Nikadhani anakwenda kulianika mahali. Mimi si mtu wa kumfikiria mwenzangu vibaya, Nibia. Naumia kuyasema haya."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuulizaje? Kijana wa watu, baba yake alikuwa mpishi wetu kambini. Nilimheshimu marehemu Elbio."

Nibia alimsomea maelezo yote, neno kwa neno, tangu *begani* hadi *kwa kichwa*. Heber alitia sahihi. Kisha Nibia akamwita Wilmar.

"Ulikuwa wapi saa moja na robo?"

"Nimelala."

"Nani shahidi?"

"Mto wangu." Wilmar alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Bi Nibia, wewe unanijua. Nikifukuzwa hapa siondoki na sanduku tu. Naondoka nikiwa mwizi. Mtaa huu wote utasema, tuliwaambia. Nina miaka arobaini. Nikaanze wapi tena?"

"Sijauliza utaanza wapi. Nimeuliza ulikuwa wapi."

"Nimelala, mama."

Nibia alifunga daftari. Alikuwa mkali zaidi kwa mtu aliyemwamini kuliko kwa mtu aliyemshuku. Ndivyo alivyofundishwa, naye hakuwahi kuona sababu ya kubadilika.

Saa tatu na nusu alikuwa tayari gulioni. Jua lilikuwa limetoka mawinguni na mitaa ilifuka mvuke. Watu walisukumana kati ya vitabu, vifaranga na mabomba ya zamani. Kitu kilichoibwa Montevideo alfajiri ya Jumapili, kwa kawaida huonekana hapo kabla ya chakula cha mchana. Hakukataa mwenyewe kwamba alikuwa anafurahi.

Tito Armendáriz alikuwa kwenye meza yake, akipanga mikoba ya turubai kuukuu iliyoshonwa kwa ngozi.

"Kumbe hiyo ndiyo kazi uliyolitakia hema langu," Nibia alisema.

"Ningelikata vipande sitini, mama. Watalii wanagombania. Je, mmelichoka?"

"Limeibwa."

Tito aliinua mikono. "Usinitazame hivyo! Mimi niko hapa tangu saa kumi na nusu alfajiri, nimekunywa mvua hii mpaka ikakatika. Muulize Ofelia, alinitukana mpaka kulipokucha."

"Nimemtukana na bado sijamaliza," Ofelia alipaza sauti kutoka meza ya tatu. "Ameweka turubai lake likamwagia maji taa zangu. Hajaondoka hapa hata kwenda chooni, na hilo ndilo linalonitisha."

Nibia alicheka, kisha akauliza swali alilolijia. "Tangu alfajiri, hakuna aliyeleta hema?"

"Hakuna. Tena lilikuwa limelowa, sivyo? Mvua yote ile?" Ofelia alitikisa kichwa. "Hakuna mwizi anayelitaka. Turubai lililolowa huwezi kulibeba, huwezi kuliuza, na ukilikunja, siku ya tatu limeoza. Mwizi mwenye akili angesubiri likauke. Huyo hakuliiba ili auze, mama. Huyo aliharakishwa na kitu."

Nibia alirudi kwa miguu, polepole, akilichambua neno hilo. Kitu gani kilichoweza kumharakisha mtu? Hema lilikuwa limekaa klabuni siku sita, kavu, chumbani, bila mlinzi. Mwizi angelichukua siku yoyote. Hakulichukua mpaka lilipomwagiwa maji.

Alisimama katikati ya barabara. Dereva mmoja alimpigia honi na kumuuliza kama anasubiri kupigwa picha.

Mikwaruzo ya kijivu. Madoa ya zambarau. Aliiona upya meza ya mama yake, na ile penseli ya wino ambayo mama aliitumia kuandika vipimo kwenye turubai. Mama aliilamba kwanza, na ulimi wake ulikuwa wa zambarau mwaka mzima. Penseli hiyo ikiandika pakavu huacha kijivu hafifu kisichosomeka. Ikipata maji hugeuka zambarau, na haifutiki tena, si kwa sabuni, si kwa jua. Kumbe yale hayakuwa madoa ya mvinyo. Yalikuwa maneno yaliyokuwa yakiamka. Na mtu mmoja, aliyekuwa amesimama chini yake, alisema: *Funga maji. Inatosha.*

Hiyo ilikuwa shuku, na shuku si ushahidi. Nibia aliwahi kuwaona wenzake wakilisahau hilo, na hakuwasamehe.

Alitumia saa tano hadi saa tisa kuwachunguza wenye funguo wengine watatu. Mmoja alikuwa mji wa Durazno tangu Ijumaa, na tiketi ya basi ilithibitisha. Wa pili alikuwa Raquel, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto mbele ya mama mkwe wake saa hiyo ya alfajiri. Wa tatu alikuwa amevunjika kifundo cha mguu na aliendelea kulalamika mpaka Nibia alipofika mlangoni kutoka. Walibaki Wilmar na Heber.

Saa kumi na dakika kumi alipita mbele ya nyumba ya Heber, milango mitatu kutoka klabu. Nyumba za zamani za Reducto zina ua katikati, na maji ya ua hutolewa nje kwa bomba fupi chini ya ukingo wa njia. Jua lilikuwa limewaka saa sita mfululizo. Mabomba yote ya mtaa yalikuwa makavu kama koo la mlevi asubuhi.

Moja lilikuwa linadondoka. Maji yake yalikuwa na povu la sabuni, na yalikuwa ya zambarau.

Alichukua chupa ndogo mkobani, akakinga matone, akaifunga, akaandika saa. Hakugonga mlango. Mlango wa mtu haufunguliwi kwa hila, hata kama nyuma yake kuna mwizi. Alikwenda nyumbani, akala kipande cha pai ya mchicha akiwa amesimama, akabadilisha viatu, na saa kumi na mbili kamili aliingia ukumbini.

Wajumbe saba walikuwa wamekaa, Heber miongoni mwao. Wilmar alisimama ukutani, sanduku lake limeshafungwa miguuni pake.

"Wilmar, keti," Nibia alisema.

"Nimezoea kusimama."

"Keti. Mtu husimama anapohukumiwa, na hapa leo bado hakuna aliyehukumiwa." Akafungua daftari. "Nitasoma maelezo ya Bwana Heber Quintana. Mzee, ukiona nimekosea, nikatize." Akayasoma yote. "Ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Mara ya mwisho nakuuliza. Themosi kwapani, kibuyu mkononi, hema begani?"

"Nilivyosema ndivyo."

"Raquel, tafadhali mletee Wilmar themosi na kibuyu chake. Wilmar, vishike kama siku zote."

Wilmar alisimama, themosi kwapa la kushoto, kibuyu mkono wa kushoto. Watu wakaanza kutazamana.

"Hema lile likiwa kavu lilitushinda watu wawili," Nibia alisema. "Tulipumzika mara mbili. Baada ya mvua iliyonyesha saa tisa mfululizo lilikuwa na uzito wa karibu mara mbili. Mzee, nionyeshe, kwa mkono huu mmoja uliobaki, alilinyanyuaje?"

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mwingine akasema, "Labda alilisalimu kwa kichwa likamfuata!" Kicheko kililipuka, kikafa papo hapo, maana Heber hakuwa anacheka.

"Basi huenda themosi hakuwa nayo," alisema. "Nimezoea kumwona nayo."

"Hapo umesema kweli kwa mara ya kwanza leo. Sisi wote tumezoea. Katika mji huu themosi haihesabiwi kuwa mzigo. Ni sehemu ya mwili, kama sikio. Aliyemwona Wilmar kwa macho angeona kwamba mikono yake yote imeelemewa. Wewe hukumwona. Ulimkumbuka tu, ukamchora kama anavyokuwa kila siku, ukasahau kumpokonya themosi. Tena nyasi za uani zimelazwa mpaka langoni. Hema halikubebwa begani. Liliburutwa."

"Nibia, mimi nina kibao katika ukumbi huu!"

"Nakiona." Aliweka chupa ndogo mezani, maji ya zambarau yakatikisika. "Haya yametoka kwenye bomba la ua wako saa kumi na dakika kumi. Sitaingia nyumbani kwako bila ruhusa yako. Nakuomba ufunguo."

Heber alitazama chupa, kisha kibao, kisha mikono yake, ambayo vidole vyake, sasa kila mtu aliviona, vilikuwa na zambarau kwenye mizizi ya kucha. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akausukuma mezani.

Walilikuta limetandazwa vizuri juu ya kamba tatu, mishono imeelekezwa chini, kila kona imefungwa kwa kibanio ili upepo usiichane. Chini yake palikuwa na brashi na ndoo ya sabuni. Wanaume sita walilirudisha klabuni kwa toroli la Heber. Walilisimamisha uani upesi, wakikimbizana na mwanga, na Raquel akaingia kwanza na tochi.

Dari lilikuwa limejaa maneno. Majina, tarehe, samaki waliopatikana, samaki waliotoroka, matusi ya mapenzi. Lilikuwa hema la klabu yenyewe, lile Heber alilouza mwaka 1990, limepauka mpaka hakuna aliyelitambua. Katikati, mahali ambapo brashi ilisugua hata turubai likaota manyoya, maandishi makubwa ya mtoto yalikuwa yamekuwa meusi zaidi kwa kusuguliwa.

Raquel alisoma kwa sauti. "*Tarehe 5 Februari 1983. Leo mto ulituchukua mimi na Raquel. Elbio mpishi aliingia na nguo zake zote akatutoa. Heber hakuwepo, alikwenda kununua mkaa. Danilo, miaka 9.*"

Alisoma tena jina la mwisho, taratibu. Danilo alikuwa kaka yake. Wazazi wao waliwapeleka Uhispania mwaka ule ule. Yeye alirudi akiwa na miaka ishirini, kaka hakurudi, na alikuwa amezikwa Valencia miaka mitatu iliyopita.

"Sikuwahi kumsikia akiisimulia siku ile," alisema. "Nikimuuliza, aliondoka mezani." Akatoka hemani na kumkabili Heber. "Miaka kumi na minane nimekuletea keki kila tarehe tano Februari. Kwa mikono yangu. Nawe umekula."

"Elbio alikufa mwaka 1985," Heber alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hakupenda kusemwa, alikuwa mtu wa hivyo. Baadaye, katika karamu moja, mtu akasema, Heber, wewe ndiye uliyewatoa wale watoto, sivyo? Watu wakapiga makofi. Sikusema ndiyo. Lakini sikusema siyo. Kisha kikaja kibao. Ukishaacha makofi yapite mara moja, Raquel, ya pili hayakuulizi tena. Jana nilipoona herufi zinatoka, nikajua zitasomwa."

"Na mimi?" Wilmar aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu walipotoka ukumbini. "Mimi nilikukosea nini, mzee?"

"Raquel aliniuliza nimeona nini. Ilinibidi niseme jina. Jina lako ndilo watu wangeliamini."

"Jina la mtoto wa Elbio."

Heber aligeuza uso kuelekea hema.

"Nieleze jambo moja," Nibia alisema, na hapo alikuwa anauliza kwa ajili yake mwenyewe. "Tangu saa moja asubuhi lilikuwa mikononi mwako. Mafuta ya taa unayo, makaa unayo. Kwa nini hukulichoma?"

Heber alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumla mbwa wake. "Hema zuri namna ile? Halina hata tundu moja. Wewe ungeweza?"

Nibia hakuandika jibu hilo. Alifunga daftari.

Kamati ilirudi ukumbini, na kikao kilichukua dakika nne. Wilmar alibaki kazini na chumbani, kwa kura zote, na kamati ilimwomba radhi kwa maandishi, kwa kuwa Nibia alidai maandishi. Heber alivuliwa ukuu wa kambi. Kuhusu polisi, Raquel alisema kwamba aliyesingiziwa ndiye atakayeamua, na wote wakageuka kumtazama Wilmar.

Heber alisimama, akavuka ukumbi, akanyoosha mkono. Wilmar aliutazama mkono ule, wenye zambarau kuchani. Hakuupokea.

"Polisi sitawaita," alisema. "Basi linaondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Ukitaka kuja, mzee, njoo, nafasi ipo na vigingi unavijua kuliko sisi. Lakini jioni, watu wakikaa na kuuliza habari za mto, hadithi ile nitaisimulia mimi. Na wewe utakaa hapo hapo, usikilize mpaka mwisho."